Hati safi, wazabuni hawajalipwa: ripoti ya kampuni inamtendea nani haki?

Kila mwaka, kuanzia Machi hadi Mei, magazeti hujaa kurasa za hesabu za mabenki na makampuni. Kipindi hicho hicho ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, hutua bungeni, na mabishano huwa yale yale. Shirika limepataje hati safi na huku lina hasara? Kampuni imetangazaje gawio wakati wazabuni wake wanazungushwa mwezi wa tano huu? Imepewaje tuzo ya uendelevu na wanakijiji wa jirani wanalalamikia kisima?

Jibu la haraka huwa "wamepika hesabu". Wako wanaopika, hilo halina ubishi. Lakini mara nyingi zaidi kila tarakimu iliyomo ni sahihi, mkaguzi amefanya kazi yake, na bado kuna mtu ameumizwa na ripoti ile, kwa sababu iliandikwa kujibu maswali ya mtu mwingine. Hapo ndipo penye fundo.

Kwanza tukubaliane maneno. Mdau wa kampuni ni yeyote anayeguswa na kampuni hiyo kwa faida au kwa hasara: mwanahisa, benki iliyokopesha, mzabuni, mfanyakazi, mstaafu, mteja, jirani wa kiwanda, serikali inayosubiri kodi. Taarifa za fedha ni zile hesabu za mwaka: faida na hasara, mizania (orodha ya mali na madeni), mtiririko wa fedha, mabadiliko ya mtaji, pamoja na tanbihi zake, ambazo watu wengi huziruka na ndizo zenye mambo. Taarifa ya uendelevu inaeleza yale ambayo mizania haiyaoni vizuri: ajali kazini, maji, moshi, taka, hatari za tabianchi, na namna uongozi unavyoyasimamia.

Na haki kwa wadau? Haimaanishi kila mmoja apewe anachotaka. Mzabuni hawezi kudai bei ya siri ya mshindani wake. Haki hapa ni kwamba jambo ambalo kampuni inalijua, na ambalo litamgusa mdau, lisifukiwe mahali asipoweza kuliona. Na habari mbaya ipewe nafasi na muda ule ule inaopewa habari njema.

Msomaji aliyekusudiwa

Tanzania inatumia viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, IFRS, tangu Julai 2004 kwa maelekezo ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi. Kenya ilitangulia, mwaka 1999. Viwango hivi vinasema wazi vinaandikwa kwa ajili ya nani: wawekezaji waliopo na wanaotarajiwa, wakopeshaji, na wadai wengine. Basi. Mfanyakazi, jirani na mteja wanaruhusiwa kusoma, ila hesabu hazikupangwa kwa ajili yao.

Hilo si njama. Ripoti moja haiwezi kujibu maswali yote ya dunia, na mwenye fedha yake ndani ana sababu ya kutangulizwa. Tatizo ni kwamba umma husoma ripoti hizo kana kwamba ni cheti cha tabia njema. Angalia pia lile fungu la tatu, "wadai wengine". Mzabuni aliyepeleka mzigo kwa mkopo yumo humo. Muuza maziwa anayeidai supamaketi ni msomaji halali wa hesabu zake sawasawa na benki, ingawa mara nyingi hajui, na supamaketi haina haraka ya kumkumbusha.

Hati safi inasema nini

Mkaguzi wa nje hutoa moja ya maoni manne. Hati inayoridhisha, ambayo mtaani ndiyo hati safi. Hati yenye shaka, kwamba hesabu ziko sawa isipokuwa eneo fulani. Hati isiyoridhisha, kwamba hesabu zinapotosha kwa ujumla wake. Na kushindwa kutoa maoni, pale vielelezo vinapokosekana kiasi kwamba mkaguzi hana la kusema.

Hati safi inasema kwamba hesabu zimeandaliwa kwa kufuata viwango na hazina kosa lenye uzito. Haisemi kampuni ina afya. Kampuni yenye hasara iliyoandikwa sawasawa inastahili hati safi kuliko yenye faida iliyoandikwa vibaya. Haisemi pia kwamba hakuna wizi: mkaguzi hupima kwa sampuli, na wizi uliopangwa na watu watatu wenye saini unaweza kumpita.

Neno la kushika ni uzito. Taarifa yenye uzito ni ile ambayo ikiachwa, ikipotoshwa au ikifukiwa chini ya maneno mengi inaweza kubadili uamuzi wa msomaji aliyekusudiwa. Wakaguzi huanza na kipimo cha namba, na cha kawaida ni asilimia 5 ya faida kabla ya kodi. Kampuni yenye faida ya shilingi bilioni 20 ina kipimo cha takriban bilioni 1. Sasa tuseme kampuni hiyo haijapeleka NSSF michango ya wafanyakazi ya shilingi milioni 400, na mhasibu ameiweka vizuri kabisa ndani ya mstari wa "wadai wengine na malimbikizo". Hakuna kosa la hesabu. Hata kama angesahau kuiandika, kwa namba tupu isingefika kwenye kipimo. Mkaguzi mzuri hutazama pia aina ya jambo, si ukubwa wake tu, na anaweza kuliandika kwenye barua yake kwa menejimenti. Barua hiyo haichapishwi gazetini. Kwa mwanahisa, milioni 400 ni vumbi. Kwa fundi anayestaafu mwezi ujao na kukuta pengo la miezi kumi na minne, ni maisha yake.

Mzabuni anavyogeuzwa benki

Mfano unaofundisha kuliko yote niujuao ni Carillion, kampuni kubwa ya ujenzi ya Uingereza iliyofilisika tarehe 15 Januari 2018. Siku hiyo ilikuwa na fedha taslimu pauni milioni 29 na madeni ya karibu pauni bilioni 7. Hesabu zake za 2016 zilikuwa zimepata hati safi, na kutokana na mwaka huo wanahisa walipata gawio la pauni milioni 79, kubwa kuliko yote katika historia yake. Wazabuni kama 30,000 waliachwa na ankara zao mkononi, na watu kama 27,000 wa mifuko yake ya pensheni wakabaki na mifuko yenye upungufu mkubwa.

Carillion ililipa wazabuni kwa siku 120. Aliyetaka mapema, kama siku ya 45, alielekezwa benki: benki inamlipa pungufu kidogo, halafu Carillion inailipa benki siku ya 120. Kwa mzabuni mwenye mishahara ya kulipa Ijumaa hiyo ilikuwa nafuu, ingawa kwa gharama yake mwenyewe. Lakini tazama kilichotokea kwenye mizania. Kampuni sasa inadaiwa na benki, kwa masharti ya benki. Hilo ni mkopo kwa sura na kwa tabia. Carillion haikuliweka kwenye mikopo. Iliacha lionekane kama madai ya kawaida ya kibiashara, ndani ya mstari wa wadai wengine.

Wakala wa kupima mikopo Moody's walikadiria baadaye kwamba kiasi kilichokaa mahali pasipo pake kilifika pauni milioni 498. Mikopo halisi iliyotangazwa mwisho wa 2016, baada ya kutoa fedha taslimu, ilikuwa kama pauni milioni 219. Yaani deni lililofichwa mbele ya macho ya wote lilizidi mara mbili ya deni lililotangazwa. Na kampuni hiyo hiyo ilikuwa imesaini ahadi ya hiari ya kuwalipa wazabuni kwa wakati, ahadi inayopendeza kwenye kurasa za uendelevu. Julai 2017 ikatangaza hasara ya pauni milioni 845 kwenye mikataba yake, miezi minne tu baada ya kutoa hesabu safi. Mkaguzi wake, KPMG, alipigwa faini ya pauni milioni 21 Oktoba 2023.

Kutokana na malalamiko ya aina hii, Mei 2023 viwango vya IFRS vilirekebishwa. Kwa miaka ya fedha inayoanza Januari 2024 na kuendelea, kampuni yenye mpango wa benki kuwalipa wazabuni kwa niaba yake inapaswa kueleza kwenye tanbihi masharti ya mpango, kiasi cha deni na mstari lilipokaa kwenye mizania, sehemu ambayo wazabuni wameshalipwa na benki, na muda wa malipo ukilinganishwa na wazabuni walio nje ya mpango. Nchi zetu zinafuata IFRS, kwa hiyo tanbihi hiyo inatuhusu. Mzabuni anayefikiria kuingia kwenye mpango wa namna hiyo aitafute kwanza. Isipokuwepo, na wenzake wanajua mpango upo, ana swali la kumuuliza mhasibu mkuu.

Hata bila tanbihi hiyo, kuna hesabu ya dakika mbili. Chukua wadai wa biashara kwenye mizania, gawanya kwa gharama ya mauzo ya mwaka, zidisha kwa 365. Kampuni yenye wadai wa shilingi bilioni 4 na gharama ya mauzo ya bilioni 12 inalipa kwa wastani baada ya siku 122. Kama mkataba wako unasema siku 60, umeshajua utaratibu wa nyumba hiyo. Fanya hesabu hiyo kwa miaka mitatu mfululizo: 70, 95, 122 ni mwelekeo unaosema zaidi kuliko hotuba ya mwenyekiti wa bodi.

Mtego mwingine upo kwenye tarehe. Mizania ni picha ya siku moja, siku ya kufunga mahesabu. Kampuni inaweza kukusanya fedha kwa nguvu Desemba, kuchelewesha malipo, kupunguza mkopo hadi tarehe 31, kisha kukopa tena Januari. Njia ya kuligundua ni riba. Mkopo wa mwisho wa mwaka ukiwa bilioni 10 na riba iliyolipwa ikawa bilioni 4, kwa riba ya asilimia 15 wastani wa deni la mwaka mzima ulikuwa karibu bilioni 27. Picha ilipigwa siku nyumba imefagiliwa.

Hapa kwetu Uchumi, kampuni ya supamaketi ya Kenya, ilionesha jinsi mambo yanavyogeuka haraka. Hisa zake ziliuzwa Nairobi, na baadaye zikaorodheshwa pia Kampala, Kigali na Dar es Salaam. Mwishoni mwa 2014 iliwauzia wanahisa hisa mpya na kukusanya kama shilingi milioni 895 za Kenya. Mwaka wa fedha ulioishia Juni 2015 ulifungwa kwa hasara ya zaidi ya bilioni 3, na Oktoba mwaka huo maduka ya Tanzania na Uganda yakafungwa. Waliokuwa wamejaza rafu zake kwa mkopo ndio walioachwa wakigongana ofisini kwa wafilisi na wanasheria.

Chase Bank, pia ya Kenya, ni somo la tanbihi nyingine: mikopo kwa wakurugenzi, wafanyakazi na watu wao wa karibu. Hesabu za 2015 zilitolewa mara mbili ndani ya siku chache. Katika toleo la pili mikopo ya watu wa ndani ilikuwa mikubwa zaidi kwa mabilioni, na faida ikawa hasara. Tarehe 7 Aprili 2016 benki ikawekwa chini ya Shirika la Bima ya Amana. Mwenye amana asiye na muda wa kusoma kurasa zote asome hiyo moja.

Maswali mawili ya uendelevu

Kwenye uendelevu mkanganyiko ni mkubwa zaidi, na unaanza na picha: mkurugenzi, hundi ya kadibodi, madawati hamsini, watoto wanapiga makofi. Picha hiyo ikiingia kwenye ripoti, watu wanaita "uendelevu". Sivyo. Msaada unahusu namna faida ilivyotumika. Uendelevu unahusu namna faida ilivyopatikana. Kiwanda kinaweza kugawa madawati kila mwezi na bomba lake likaendelea kumwaga mtoni.

Tuseme mtu amejenga nyumba ya kupangisha bondeni, kando ya mto. Mto ukifurika, maji yanaingia ndani, wapangaji wanahama, na rejesho la benki linakwama. Swali la kwanza, basi: mazingira yanaifanyia nini biashara? Lakini nyumba ile ile ina choo kinachovujia mtoni, na watu wa chini wanachota maji hapo. Swali la pili: biashara inawafanyia nini watu na mazingira? Benki inauliza la kwanza. Jirani wa chini anauliza la pili. Ripoti inayojibu la kwanza tu, hata ikiwa na kurasa mia mbili na picha za twiga, haijamwambia jirani kitu.

Viwango viwili vinavyotajwa sana sasa, IFRS S1 na S2, vilitolewa Juni 2023 na ISSB, bodi ya kimataifa ya viwango vya uendelevu, ambayo kuundwa kwake kulitangazwa Glasgow Novemba 2021. S1 ni ya uendelevu kwa jumla, S2 ni ya tabianchi. Vinajibu swali la kwanza. Jambo linaingia kwenye ripoti kama linaweza kugusa fedha za kampuni kwa macho ya mwekezaji. NBAA imekwisha kuvipokea kwa Tanzania. Kenya, kwa ramani ya ICPAK, taasisi ya wahasibu wa huko, kampuni zenye maslahi ya umma zitalazimika kuvitumia kwa miaka ya fedha inayoanza Januari 2027, na nyingine zitafuata kwa zamu.

Viwango vya GRI, shirika lililoanzishwa Boston mwaka 1997, vinajibu swali la pili: kampuni itaje athari zake kubwa kwa watu, uchumi na mazingira, hata kama hazijagusa mfuko wake. Umoja wa Ulaya ulidai yote mawili kwa pamoja katika sheria yake ya 2022, ingawa tangu 2025 umekuwa ukipunguza idadi ya kampuni zinazobanwa.

Kuna wanaosema tofauti hii haina maana kwa sababu athari yoyote kubwa hatimaye hugeuka kuwa fedha: jirani atashtaki, serikali itapiga faini. Hoja hiyo ina ukweli kwa jirani mwenye wakili. Asiye naye anaweza kunywa maji hayo miaka ishirini bila mizania kujua. Kwa hiyo, ukiambiwa kampuni "inaripoti kwa viwango vya kimataifa vya uendelevu", uliza ni viwango gani. Kama ni S1 na S2 peke yake, usitarajie kukuta habari za kisima.

Namba za kweli zinazopotosha

Chukua ajali kazini. Kipimo cha kawaida ni idadi ya majeruhi mara saa 200,000, gawanya kwa saa zote zilizofanyika kazi. Saa 200,000 ni kazi ya watu 100 kwa saa 40 za wiki na wiki 50 za mwaka. Ndiyo maana namba hiyo inapendwa, unaisoma kama majeruhi kwa kila watu mia.

Kampuni ya mgodi ina waajiriwa 400 na vibarua 900 wa wakandarasi. Kwa mwaka, waajiriwa wanne wameumia. Saa zao ni 800,000, kwa hiyo kiwango ni 1.0. Ripoti inaandika 1.0 kwa herufi kubwa, na ni kweli. Vibarua walioumia ni 27, saa zao 1,800,000: kiwango 3.0. Ukiwaunganisha wote unapata karibu 2.4. GRI, kwenye kiwango chake cha 403 cha usalama kazini, inataka wafanyakazi wasio waajiriwa nao waripotiwe kama kazi yao au eneo lao la kazi lipo chini ya usimamizi wa kampuni. Kampuni ikiandika "waajiriwa wetu" badala ya "wote waliofanya kazi kwenye eneo letu", maneno hayo hayakuja kwa bahati. Kazi za hatari zaidi, kupanda juu, kulipua, kusafisha matangi, ndizo hupelekwa kwa mkandarasi.

Maji nayo yana mchezo wake. Kiwanda cha vinywaji mwaka jana kilitumia lita 2.5 za maji kwa kila lita ya soda, kikazalisha lita milioni 40: jumla lita milioni 100. Mwaka huu kimetumia lita 2.25, kikazalisha lita milioni 52: jumla lita milioni 117. Ripoti inasema "tumepunguza matumizi ya maji kwa asilimia 10". Ni kweli kwa kila lita ya soda, na mhandisi aliyefanikisha anastahili pongezi. Kwa mwenye kisima ng'ambo ya ukuta, kiwanda kimevuta maji zaidi kwa asilimia 17. Haki ni kuandika namba zote mbili, kwenye ukurasa mmoja, kwa ukubwa mmoja wa herufi. Angalia pia mwaka wa kulinganisha: ukiona ripoti ya mwaka jana ililinganisha na 2018 na ya mwaka huu inalinganisha na 2021, tafuta maelezo ya kwa nini. 2020 na 2021 viwanda vingi duniani viliyumba, na ukichagua mahali pa kuanzia kupima, kilima kile kile huonekana kirefu au kifupi kwa kadiri unavyotaka.

"Imehakikiwa" na nani, kwa kiwango gani

Tarehe 25 Januari 2019 bwawa la mabaki ya mgodi wa chuma wa Vale lilipasuka Brumadinho, Brazil, likaua watu 270. Bwawa hilo lilikuwa na cheti cha uimara. Mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, SEC, iliishtaki Vale Aprili 2022, na sehemu ya ushahidi ilikuwa ripoti zake za uendelevu, zilizowahakikishia wasomaji kwamba mabwawa yake yote yamethibitishwa kuwa imara. Machi 2023 Vale ilikubali kulipa dola milioni 55.9 kumaliza shauri hilo. Sheria iliyotumika ililinda wawekezaji walionunua dhamana za kampuni kwa kuamini maneno hayo. Fidia ya jimbo na waathirika ilipita njia nyingine kabisa, makubaliano ya Februari 2021 ya reali bilioni 37.7 na serikali ya Minas Gerais. Uongo mmoja, makundi mawili ya walioumizwa, na kila kundi lilihitaji mlango wake.

Kwa hiyo ukikuta muhuri kwamba taarifa ya uendelevu imehakikiwa, soma sentensi ya hitimisho. Ikisema "kwa maoni yetu, taarifa imeandaliwa ipasavyo", huo ni uhakiki wa kiwango cha juu, unaokaribiana na ukaguzi wa hesabu. Ikisema "hakuna kilichotufikia cha kutufanya tuamini kwamba taarifa ina kosa", ni uhakiki wenye mipaka: mhakiki ameuliza maswali, ametazama mienendo ya namba, amepima kidogo. Nyingi ziko kundi hili la pili. Halafu angalia kilichohakikiwa. Mara nyingi ni viashiria vichache tu, pengine umeme na gesi joto, lakini nembo ya mhakiki inakaa jalada la ripoti nzima. Kiwango kipya cha kimataifa cha kazi hii, ISSA 5000, kilitolewa Novemba 2024 na kitaanza rasmi kwa vipindi vinavyoanza Desemba 15, 2026 au baada yake. Kabla ya hapo kuna tofauti kubwa kati ya mhakiki na mhakiki.

Nani anajua lini, na kwa lugha gani

Habari sahihi iliyochelewa ni dhuluma kwa aliyeuza hisa jana yake. Kenya, kampuni iliyoorodheshwa ikiona faida itashuka kwa asilimia 25 au zaidi kulinganisha na mwaka uliopita, inapaswa kutoa onyo kwa umma kabla ya matokeo. S1 nayo inataka taarifa ya uendelevu itoke pamoja na ya fedha, ikiwa na nafuu kidogo kwa mwaka wa kwanza. Sababu ni ya kivitendo: ripoti ya uendelevu ikitoka miezi minane baadaye, mkutano mkuu umeshapita, gawio limeshalipwa, na hakuna wa kuulizwa.

Lugha ni kikwazo ambacho wataalamu hukipita haraka mno. CAG hutoa ripoti zake kwa Kiswahili pia. Makampuni mengi hayatoi hata kurasa nne za muhtasari, ingawa wafanyakazi, wazabuni na majirani zao wanaishi kwa Kiswahili. Tafsiri ya kurasa nne ni gharama ndogo kuliko picha za jalada.

Anayetaka taarifa asikae akisubiri ripoti ya mwaka pekee. Wafanyakazi Tanzania wana kifungu cha 70 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kinachomtaka mwajiri kukipa chama kinachotambuliwa taarifa zinazohitajika kwa majadiliano. Chama kinaweza kudai takwimu za ajali zikijumuisha vibarua na hali ya michango ya NSSF mwezi kwa mwezi. Kijiji kilicho jirani na mgodi kina kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017: kampuni inaandaa mpango wa huduma kwa jamii kila mwaka na kukubaliana na halmashauri, kwa hiyo mpango huo una nakala halmashauri na diwani anaweza kuuitisha. Mwanahisa, hata wa hisa chache, anaitwa mkutano mkuu kwa notisi ya siku 21, muda wa kutosha kupiga ile hesabu ya siku za kulipa wazabuni na kuiuliza mbele ya mkaguzi, ambaye naye huwa amekaa ukumbini. Na mzabuni asiye na mlango wowote kati ya hiyo ana mkataba wake: anaweza kuomba, kabla ya kusaini, kipengele cha kupewa kila robo mwaka orodha ya madai kwa umri, siku 30, 60, 90 na kuendelea. Mnunuzi akikataa hata hilo, mzigo wa kwanza uende kwa fedha taslimu.